Mume wangu anataka niandike "Hapana" kwenye fomu ya kuzamia

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, naishi Mwanza. Mume wangu ni mtu mzuri, kwa upande wa nyumba sina la kumlalamikia, lakini tangu mwaka jana ameingiwa na kitu kimoja tu: kuzamia baharini na mtungi. Alikwenda Unguja kwa semina ya kazini, ilipoisha akaomba ruhusa ya siku chache, akasoma kozi kule Nungwi, akarudi na kadi yenye picha yake. Tangu hapo chakula cha usiku tunakula na samaki wa kwenye simu.

Mwishoni mwa Novemba tunatimiza miaka mitatu ya ndoa. Amelipia safari ya Mafia, siku tano, malazi Utende, na humo ndani kuna mbizi zake za kila siku na mimi nimewekewa mbizi za majaribio na mwalimu. Alinitangazia mbele ya ndugu zake, wakapiga vigelegele. Ningekataaje pale?

Mama, mimi sijui kuogelea. Ni mtoto wa Mwanza, lakini ziwa kwetu lilikuwa la kutazama. Mjomba wangu alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama Mei 1996. Mimi nilikuwa mdogo sana, simkumbuki hata sura, ila tangu hapo mama alipiga marufuku watoto wake kusogea majini, hata kufua.

La pili ni pumu. Si kali, sijalazwa tangu niko sekondari, lakini ipo. Vumbi la Agosti linanibana, na baridi ya alfajiri. Juzi lifti ya ofisini ilikufa, nikapanda ngazi mbio kuwahi kikao, ikabidi nitoe inhela pale pale mlangoni.

Sasa kituo cha kuzamia kimetutumia fomu ya afya tujaze mapema. Kuna swali la pumu, nikaweka "Ndiyo". Mume wangu akaifuta. Anasema ukiandika "Ndiyo" watadai sahihi ya daktari na wanaweza kukukatalia kabisa, hela imekwenda. "Kila mtu anaandika Hapana, hiyo ni karatasi tu." Anasema tena kwamba huko chini nitapumua oksijeni safi ya mtungi, kwa hiyo pumu itapumzika, na isitoshe nitabaki kwenye maji mafupi pembeni. Na kuogelea si lazima, jaketi linaelea lenyewe.

Ratiba yake nayo inanitatiza. Jumapili tunaondoka kwa ndege ya saa tisa alasiri kwenda Dar, kisha saa mbili usiku ya Mwanza. Yeye ameweka mbizi ya kuagana Jumapili hiyo hiyo saa tatu asubuhi, "tusipoteze siku". Nilishasikia mahali kwamba haifai kupanda ndege baada ya kuzamia. Akacheka.

Nilipomwambia naogopa, alinuna siku nzima, halafu akasema kama sitaki, nafasi yangu atampa rafiki yake. Wifi yangu ndiyo kabisa: mwanamke mwenye akili humfuata mumewe hata majini. Mwezi huu hata siku zangu zimechelewa, nadhani kwa mawazo, huwa inanitokea.

Si kwamba sitaki kwenda Mafia. Nataka sana. Niandike hiyo "Hapana" yaishe? Na kama sizamii, nitamwambiaje bila kumvunja moyo, na nitafanya nini siku tano, nikae ufukweni nihesabu kaa?

Ni mimi,
Mwoga wa Maji, Mwanza

*

Marahaba mwanangu.

Usiandike "Hapana". Nimelitanguliza hilo ili usome mengine ukiwa umetulia.

Na kabla hatujafika kwenye pumu, kuna kasentensi umekapitisha mbio karibu na mwisho wa barua. Siku zako zimechelewa. Kesho asubuhi pita duka la dawa, nunua kipimo cha mkojo, upime kabla hujabishana na mtu yeyote kuhusu bahari. Mjamzito hazamii na mtungi. Mashirika yote makubwa ya mafunzo ya kuzamia yanasema hivyo, na hayasemi kwa sababu yana tafiti nyingi, bali kwa sababu hakuna mwenye akili timamu atakayewafanyia wajawazito jaribio la namna hiyo. Kinachojulikana kinatosha. Mtu mzima akipanda kutoka chini, vipovu vidogo vya gesi vinavyojitokeza kwenye damu huchujwa na mapafu. Mtoto tumboni hapumui kwa mapafu, damu yake nyingi inapita pembeni yake, kwa hiyo kichujio hicho hana. Ukiona mistari miwili, suala la mtungi limefungwa hadi ujifungue na upone, na mumeo atakuwa na habari kubwa kuliko samaki. Ukiona mmoja, rudia baada ya wiki kama bado kimya.

Haya, pumu.

Mumeo amekuahidi oksijeni safi. Ule mtungi una hewa hii hii tunayovuta mimi na wewe, ila imechujwa, imekaushwa na kushindiliwa hadi shinikizo la kama baa 200. Ikitoka inakuja kooni baridi na kavu. Na kadiri unavyoshuka inakuwa nzito, maana kila pumzi unavuta hewa iliyobanana zaidi, misuli ya kifua inafanya kazi zaidi. Wewe mwenyewe umeniandikia vinavyokubana: baridi ya alfajiri na kupanda ngazi mbio. Kule chini vyote viwili vinakungoja pamoja, hewa baridi na kazi ya kupiga mapezi kushindana na mkondo. Ongeza hofu, ambayo nayo inajua kubana kifua.

Tena kubanwa peke yake siyo hatari kubwa. Kila mita 10 unazoshuka, unajiongezea shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Ukiwa mita 10, shinikizo ni mara mbili ya la juu. Hewa uliyoivuta pale, ukipanda nayo hadi juu bila kuitoa, inadai nafasi mara mbili. Ndiyo maana kanuni ya kwanza kabisa anayofundishwa mtu wa mtungi ni kutozuia pumzi. Mwenye mapafu mazima anapumua tu, ziada inajitokea yenyewe. Mwenye pumu anaweza kuwa anapumua sawasawa, kumbe kuna kipande cha pafu ambacho njia yake imezibwa na uvimbe na makohozi. Hewa imo, haitoki. Akipanda inatanuka, na pafu linachanika. Hewa hiyo inaingia kifuani au, vibaya zaidi, inaingia kwenye damu na kuelekea kwenye ubongo. Wala haihitaji kina cha kutisha. Mapafu yakiwa yamejaa kabisa, kupanda mita moja na kidogo kunatosha kuyaumiza. Kwa hiyo "maji mafupi pembeni" hayakukingi na chochote. Kwa jambo hili maji mafupi ndiyo mabaya, maana karibu na juu ndipo hewa inapotanuka kwa kasi kuliko kote.

Je, mwenye pumu hazamii maisha yake yote? Wapo wanaozamia, na wazungu ambao mumeo atakutolea mfano ni hao. Lakini waliandika "Ndiyo". Wakaenda kwa daktari, wakapuliza ile mashine ya kupima mapafu, wakafanyishwa zoezi wakapimwa tena, daktari akaona njia za hewa hazijibani. Madaktari wa uzamiaji wa Uingereza wana msimamo ninaoupenda kwa uwazi wake: pumu inayoamshwa na baridi, mazoezi au hofu, huruhusiwi, na hata aliyeruhusiwa, akilazimika kutumia inhela ya kufungua kifua, hagusi mtungi mpaka zipite saa 48 bila dalili. Wewe ulitoa inhela kwa ngazi za ofisini. Mimi si daktari wako, nenda hospitali ya rufaa hapo Mwanza ukapimwe hata kama huzamii, kwa sababu pumu ya kukubana ngazini inataka kuangaliwa upya dawa zake. Ila ukiniuliza nadhani daktari atasema nini kuhusu mtungi, nadhani atasema hapana, safari hii.

Sasa hiyo fomu. Mumeo anaiona kama zile karatasi za mapokezi hotelini. Kumbe anayeisoma ni mwalimu atakayeshuka na wewe, na chini hamtazungumza. Hakuna maneno kule, kuna mikono tu. Ukimwonyesha dole gumba juu haimaanishi "poa", anaelewa kwamba unataka kupanda. Mtu huyo, ukianza kukohoa kwenye kile kinywa cha kupumulia, ana sekunde chache za kuamua kama umemeza maji, umetishika au umebanwa pumu. Akijua una pumu, hata kukushusha asingekushusha bila karatasi ya daktari. Usipomwambia, umemfunga kitambaa usoni halafu unamkabidhi roho yako. Na chini ya fomu kuna sahihi yako, si ya mumeo. Ukitokea ugonjwa, bima yoyote ya safari itaanza kwa kutafuta hiyo karatasi.

Nikija kwa mumeo: simwoni mbaya. Ana pupa. Amegundua kitu kikubwa maishani akiwa mtu mzima, anataka mkewe akione, na hajui kuomba, anajua kupanga. Mtu wa hivyo ukimwambia "naogopa" anasikia "sikupendi na bahari yako". Ukimletea maneno yangu atasema bibi mmoja wa magazetini anajua nini. Kwa hiyo usimletee yangu. Mletee ya kwake.

Ana kadi. Kadi ile haipatikani bila kusoma, na yote ninayokuandikia hapa alifundishwa Nungwi akajibu maswali. Na yeye aliijaza fomu hiyo hiyo ya afya. Alifundishwa kwamba mzamiaji yeyote, mgeni au mkongwe, anaweza kusitisha mbizi wakati wowote, hata mkiwa mmeshavaa mitungi kwenye boti, na hadaiwi sababu wala hanuniwi. Alifundishwa kwamba mwenzako wa chini ni jukumu lako. Basi kaa naye jioni moja, simu pembeni, umwambie: "Baba, nifundishe. Nitolee kile kitabu cha kozi yako, unisomee sehemu ya pumu, na sehemu ya ndege." Usibishe, msikilize. Mwanaume anayesoma kwa sauti yake mwenyewe kwamba mkewe asizamie atahitaji ukaidi wa ajabu kuendelea kusema ni karatasi tu. Akiendelea hata baada ya hapo, niandikie tena, maana hapo tatizo siyo bahari.

Hilo la kumpa rafiki yake nafasi yako, mchukulie kwa neno lake. Mwambie sawa, mbizi zangu mpe, chumba changu hapana.

Wifi yako namwachia yeye mwenyewe atangulie majini.

Kuhusu ndege umesikia kweli, na hapa naomba uwe mkali kuliko kwenye jambo lingine lolote, kwa sababu hili linamgusa yeye zaidi yako. Chini ya maji mwili unanyonya naitrojeni ya kwenye hewa, inajificha kwenye damu, kwenye mafuta, kwenye viungo. Ukipanda polepole inatoka taratibu kwa pumzi, na inaendelea kutoka saa nyingi baada ya kukauka nywele. Ndani ya ndege shinikizo limepunguzwa, ni kama umesimama kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Umewahi kuona pakiti ya krispi inavyovimba ndege ikiwa angani? Naitrojeni iliyobaki mwilini nayo inapata nafasi hiyo, inatoka kwa vipovu badala ya kutoka kwa utaratibu. Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, madoa ya ngozi, uchovu usioelezeka, na ikigusa uti wa mgongo, miguu.

Nimezaliwa visiwani na nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, nimeyaona. Vijana wetu wanaozamia majongoo bahari kwa mitungi ya kukodi hawana kozi wala saa ya kuzamia, wanashuka, wanapanda, wanashuka tena mpaka mtungi uishe. Mmoja aliletwa kwenye machela ya mlango wa nyumba, anazungumza vizuri, anatania, lakini ukimchoma kidole cha mguu kwa sindano hasikii. Nyumbani walikuwa wameshachinja mbuzi, wakisema ameshikwa na shetani wa baharini. Alihitaji oksijeni kuanzia ufukweni na chemba ya shinikizo siku ile ile. Alichelewa vyote. Leo anatembea kwa fimbo na anauza vocha.

Mapendekezo yanayofuatwa duniani ni haya: baada ya mbizi moja ya kawaida, ngoja angalau saa 12 ndipo upande ndege, baada ya mbizi kadhaa au siku mfululizo, angalau saa 18. Walimu wengi wanakwambia weka 24 ulale usingizi, na mimi niko upande wao. Mumeo akitoka majini Jumapili saa nne na nusu, akapanda ndege saa tisa, hajafikisha hata saa tano, tena baada ya siku nne za kuzamia. Atakuambia ile ndege ndogo ya Mafia hairuki juu sana. Hewala, na ya saa mbili usiku ya kwenda Mwanza? Kupanda kivuko cha kutoka Kilindoni, hapo Mafia, hadi Nyamisati, bara, kungemsaidia kuikwepa ile ndogo tu. Mwanza yenyewe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwa hiyo hata angekwenda kwa basi angekuwa anapanda mlima.

Hesabu nzuri ni hii. Mbizi yake ya mwisho iwe Jumamosi asubuhi, saa sita mchana awe juu. Ikifika saa tisa alasiri ile ya Jumapili atakuwa na zaidi ya saa 26, anapanda ndege bila wasiwasi. Na Jumapili asubuhi haipotei, nitakwambia pa kuipeleka.

Kuna dogo lingine la kumkumbusha. Ana mwaka mzima hajashuka. Aombe mbizi ya kujikumbusha kwanza, kwenye maji tulivu ndani ya ghuba ya Chole, kabla hajaanza kuulizia mlango wa Kinasi. Kinasi ndiko ghuba yote inakopumulia, maji yakijaa yanaingia hapo, yakipwa yanatoka hapo, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, yanatoka kwa nguvu ya kumsukuma mtu baharini. Wenyeji wanaiendea kwa saa ya maji, siyo kwa hamu ya mgeni. Kadi yake ya mwanzo inamruhusu mita 18. Akisema "nitashuka kidogo tu zaidi", unajua la kumfungulia, kitabu.

Hofu yako ya maji sitaki kuicheka wala kuifanyia dawa ya siku moja. Mjomba hakurudi, mama akafunga mlango, ndivyo watu wengi wa Mwanza walivyolelewa baada ya 1996. Lakini kuogelea jifunze, hata ukiwa na miaka 33, kwa ajili yako. Tafuta bwawa la hoteli na mwalimu mwanamke kama unamwonea haya mwanaume, anza na maji ya kifuani, jifunze kwanza kuelea chali na kupuliza pumzi ndani ya maji. Usianzie ziwani, kichocho kipo. Na ile hoja ya jaketi inaelea lenyewe, jaketi la kuzamia linaelea ukilijaza na linazama ukilitoa hewa, halijui aliyelivaa. Anayetaka kadi kama ya mumeo anatakiwa aogelee mita 200 bila kusimama na aelee dakika 10. Hawakuweka sharti hilo kwa kupenda mitihani.

Sasa tufike Mafia, maana umesema unataka kwenda, na mimi nataka uende.

Waandikie kituo leo: mke ana pumu, hazamii, tunaomba mbizi zake zibadilishwe kuwa safari za boti na za miwani na snokeli, ule mrija wa kupumulia ukiwa juu ya maji. Waandikie kabla hamjasafiri, siyo mkifika. Sehemu nyingi ni waelewa kwa sababu za kiafya mtu akisema mapema, na mkikosa kurudishiwa yote, basi hiyo ndiyo bei yenyewe.

Mafia ni mahali pazuri pa kutozamia. Hifadhi ya bahari ya pale ilianzishwa 1995, ya kwanza Tanzania, na sehemu kubwa ya utajiri wake iko kwenye maji mafupi. Ndani ya ghuba ya Chole matumbawe yako karibu hivi kwamba mtu mwenye miwani, snokeli na jaketi la kuokolea, amelala kifudifudi juu ya maji, anaona yale yale mumeo anayoyatazama akiwa chini yake. Kama hofu inakubali, anza ukiwa umeshika ngazi ya boti. Kama haikubali, kaa kwenye boti, hakuna anayekudai. Vuka kwa mashua hadi kisiwa cha Chole jioni uone popo wakubwa wakining'inia kwenye miti kama nguo zilizosahauliwa. Nenda kisiwa cha Juani, kwenye magofu ya Kua, uvae viatu vya maana, ni kutembea. Ukirudi utakuwa na hadithi zako na yeye ana zake, chakula cha usiku hakitakosa maneno.

Na Jumapili asubuhi. Novemba ni msimu wa papa potwe. Wanakuja upande wa magharibi, karibu na Kilindoni, na uwanja wa ndege uko hapo hapo Kilindoni. Pakieni mizigo alfajiri, tokeni Utende na kila kitu kwenye gari, mpande boti asubuhi. Papa potwe hatazamwi na mtungi, anatazamwa kutoka juu, kwa hiyo mumeo haongezi naitrojeni yoyote na ndege yake iko salama. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, na kazi yake ni kuchuja dagaa wadogo na vijidudu vya majini kwa mdomo uliofunguka kama mlango. Hashikwi, hapandwi, hakatiziwi njia mbele. Ukae kando yake, mbali na mkia. Mkipata nahodha anayewakimbiza kwa boti au anayemwaga watu kumi majini kwa mara moja, mwambieni apunguze. Wewe ukiwa na jaketi na mkono wa mwongozaji unaweza kuingia, ukishindwa unamwona vizuri tu kutoka ukingoni, mgongo wake una madoa meupe na hupita karibu sana na boti. Hicho ndicho kitu pekee cha safari nzima ambacho mtakitazama pamoja, wote mko juu. Mwombe mumeo akipange yeye, anapenda kupanga.

Mengine madogo. Kama mna dawa za malaria za kunywa kabla ya safari, mwambieni mfamasia mtu anazamia, kwa sababu mefloquine haifai kwa mzamiaji, inaleta kizunguzungu na dalili zinazofanana na ugonjwa wa kuzamia. Akiwa na mafua asishuke, masikio hayatafunguka. Jua la kwenye boti linaunguza mgongo, vaa fulana ya mikono mirefu majini. Vuli inaweza kuwanyeshea alasiri moja au mbili. Na inhela yako iwe kwenye boti, ndani ya mfuko usioingia maji, siyo chumbani.